Nondo Mfunga Majani ya Mchicha

Nondo anayejulikana kitaalamu kama Spoladea recurvalis, aliyeelezwa na Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, mwaka 1775, ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa milimita 20 na kidogo, na mikanda myeupe inayoyakata humtambulisha hata mchana, kwani hurukaruka bustanini majani yakitikiswa.

Hata hivyo, anayemkera mkulima wa mchicha si nondo mwenyewe, ambaye hunyonya utamu wa maua tu, bali ni kiwavi wake. Mayai hutagwa upande wa chini wa jani, na viwavi wanaoanguliwa, wenye rangi ya kijani inayopenyeza nuru, hula nyama laini ya jani na kuacha ngozi nyembamba iliyo kama kioo. Wakikua hutoa nyuzi za hariri, wakayakunja majani na kuyafunga pamoja yawe kificho, na ndiyo maana dawa inayopuliziwa juu juu huwafikia kwa shida. Kiwavi aliyekomaa hugeuka wa rangi ya waridi, kana kwamba amejipamba kwa safari, kisha hushuka udongoni kuwa pupa, yaani hatua ya utulivu kabla ya kupata mabawa.

Kwa bahati njema, nchini Kenya yupo adui yake wa asili, Apanteles hemara, nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kiwavi mchanga, ambamo buu lake hukua likimla mwenyeji wake hadi afe.