Ajali ya Wright Field na Orodha ya Marubani

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika kiwanja cha Wright Field karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio, ambako jeshi la Marekani lilikuwa na ada ya kuzijaribu ndege kabla ya kuzinunua, ilitolewa ndege ya Boeing iitwayo Model 299, yenye injini nne, ambayo mwezi Agosti ilikuwa imeruka kutoka Seattle hadi hapo bila kutua, masafa ya zaidi ya kilomita 3,000 kwa muda wa saa tisa hivi, hata wajuzi wengi wakawa na yakini kwamba washindani wake, kampuni za Martin na Douglas, wamekwisha shindwa.

Usukani ulikuwa mikononi mwa Meja Ployer Hill, mkuu wa marubani wa majaribio kiwanjani, mtu ambaye umahiri wake haukutiliwa shaka. Pamoja naye walikuwamo Luteni Donald Putt na Leslie Tower, rubani wa Boeing aliyeijua ndege ile kuliko wote. Ndege ikaruka, ikainua pua kupita kiasi, ikaishiwa mwendo, ikalalia bawa moja, ikaanguka na kuwaka. Luteni Robert Giovannoli, aliyekuwa chini akitazama, akajitoma ndani ya moto akawatoa watu wawili, ushujaa ambao kwa haki yake wastahili kutajwa kila ajali hii isimuliwapo. Hill alifariki siku ile ile. Tower akamfuata baadaye kwa majeraha yake.

Wachunguzi hawakuona hitilafu katika injini wala mbawa. Ndege ilikuwa na komeo la kuvishika vibao vya mkiani, ambavyo ndivyo vinavyoamuru pua ipande au ishuke, ili upepo usivipige na kuviharibu wakati imeegeshwa. Na komeo hilo halikufunguliwa. Jambo la sekunde chache tu, nalo likawapita watu waliokuwa hodari kuliko wenzao wote.

Jeshi lilinunua kwa wingi ndege za Douglas, walakini liliagiza chache za Boeing kwa majaribio zaidi, na hapo ndipo marubani walipofanya uamuzi ambao mimi nauhesabu kuwa wa hekima kubwa. Hawakudai mafunzo marefu zaidi, maana nani angalimfundisha Hill? Walikiri kwamba ndege imekuwa na mambo mengi kupita hifadhi ya akili ya mtu mmoja, wakaandika orodha fupi ya mambo ya kukaguliwa kabla ya kuruka, kabla ya kutua na baada ya kutua, nayo isomwe kila safari, na bingwa sawasawa na mwanafunzi. Ndege ile, kwa jina la B-17, iliundwa hatimaye kwa idadi ya 12,731, na orodha ikawa sharti la urubani duniani kote.

Fikira hiyo haikuishia angani. Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha ya namna hiyo kwa ajili ya vyumba vya upasuaji, ikajaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vya waliopasuliwa katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.