Mamba, upande wa Same usioonekana kutoka kwenye basi

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Moshi anaijua Same kupitia dirishani: mkonge wa Makanya uliopandwa kwa mistari, vumbi jekundu, mbuzi kivulini, jua la kuchoma. Mjini Same mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki hata milimita 600. Basi likisimama watu wanunue maji na karanga, hukosi mmoja wa kuuliza Wapare wanaishije huku. Wapare walioko Ulaya na Marekani wanalijua swali hilo vizuri, kwa sababu wenzao Watanzania huwauliza kila wanapokutana kwenye msiba au harusi.

Jibu liko nyuma ya mlima. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na Milima ya Upare Kusini kwa upande wa mashariki, ukapanda, ukapoa, ukamwaga mvua hapo hapo. Kinachovuka kwenda upande wa barabara kuu ni makombo. Ndiyo maana Mamba, iliyoko upande huo wa mashariki, ina migomba, misitu na mito isiyokauka, na kilomita chache magharibi mwake watu wanahesabu ndoo. Mito hiyo, Hingilili na Yongoma ikiwa maarufu zaidi, hushuka kwa kasi hadi tambarare, ikaingia Mto Mkomazi, nao ukaingia Mto Pangani, na maji ya Mamba yakaishia baharini mjini Pangani.

Safari ya wageni ilikwenda kinyume na maji. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Pangani, ikapita Mazinde kwa chifu Semboja aliyejua kutoza ushuru, ikafuata vijito chini ya milima hadi Gonja na Kisiwani, kisha Taveta na Kilimanjaro. Gonja ilikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula, kwa sababu palikuwa na maji. Mwaka 1861 njia za nchi hizi zilipitiwa na Mjerumani Karl Klaus von der Decken pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Livingstone huko Zambezi. Thornton alifariki miaka miwili baadaye akiwa kijana bado, lakini jina lake lilibaki kwenye ramani: maporomoko yanayoonekana kutoka Gonja Maore, mstari mweupe kwenye ukuta wa mwamba, hadi leo yanaitwa Thornton. Wenyeji walikuwa wanachota maji hapo muda mrefu kabla hajazaliwa, ila ndivyo ramani zilivyochorwa.

Misafara hiyo haikubeba pembe za ndovu peke yake. Ilinunua na kuteka watu pia, na jambo hilo linaeleza kwa nini makazi ya zamani ya Wapare yako juu sana, mahali ambapo mtu asiye mwenyeji angechoka kabla ya kufika. Huko Mbaga, katika safu hiyo hiyo, wageni huonyeshwa mapango ya Mghimbi ambako watu walijificha wasikamatwe.

Mwaka 1903 walikuja wageni wengine. Wamisionari wawili wa Kijerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walipanda hadi Giti, Mamba, wakafungua kituo walichokiita Friedensthal. Ndicho kituo cha kwanza cha Waadventista Wasabato katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, na kanisa hilo huanza kuhesabu miaka yake kutoka hapo. Msabato wa Mwanza au wa Mara anayefika Giti anakuja kama mtu anayezuru kwao, hata kama Chasu, lugha ya Wapare, hakijui. Baada ya hao alikuja Ernst Kotz, aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Chasu mjini Berlin mwaka 1909 na baadaye akalitafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Shule zilifuata makanisa, ya Wasabato na ya Walutheri, na penye shule mtoto wa mkulima aliweza kuwa karani, mwalimu, muuguzi. Uhamaji wa Wapare hauanzi na viza ya Marekani. Unaanzia kwenye madawati hayo.

Wasomi hao wa mwanzo ndio walioandika barua za malalamiko wakati wa mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani, wakapiga kambi Same kwenye makao ya serikali, wakakataa kulipa. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kichwa ya kawaida. Walichokataa ni kupekuliwa mali zao na kukadiriwa kwa jicho. Mbiru ilifutwa mwaka 1947. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliiandikia kitabu kizima.

Mamba ya leo haina mji mmoja wa katikati. Ni vitongoji vilivyotawanyika migongoni mwa milima: Giti na kanisa lake, Myamba ambako kata imechukua jina, na majirani kama Mpinji, Bombo na Mtii. Kwenda kumwamkia jirani unayemwona kwa macho kunaweza kukuchukua saa nzima, kwa sababu bonde liko katikati.

Kinachowaunganisha ni tangawizi. Shamba lake ukiliona kwa karibu utashangaa udogo wake: tuta lililokatwa kwenye mteremko, kando yake mfereji wa upana wa kiganja, maji yanazibwa kwa bonge la udongo na jani la mgomba, kisha yanaachiwa kwa jembe. Mmea unakaa ardhini miezi minane hadi kumi. Ukichimbuliwa unatoka na matope yake, umeshikana kama vidole vya mzee, na harufu inakutangulia njiani. Wakulima walianzisha ushirika, na kiwanda cha kusindika kikajengwa hapo hapo Mamba Myamba, kazi iliyopiganiwa sana na Anne Kilango Malecela alipokuwa mbunge wa Same Mashariki. Kiwanda kimekuwa na vipindi vya kusuasua. Kinapolala, mkulima hurudi kwa mlanguzi na gunia la lumbesa, akiuza kwa bei asiyoipanga yeye.

Hapa ndipo maji yanapogeuka siasa. Huko chini Ndungu kuna skimu ya mpunga iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, hekta 680, na maji yake yanatoka Yongoma. Kila mfereji mpya wa tangawizi unaofunguliwa juu unapunguza kitu kwenye jaruba la chini, na wakati wa kiangazi mara nyingi maji hayatoshi kulima eneo lote kwa mpigo. Mababu walikuwa na dawa ya jambo hili: ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo linalojazwa usiku wakati hakuna anayemwagilia, likafunguliwa asubuhi kwa zamu. Ndiva bado zinafanya kazi sehemu mbalimbali za Upare Kusini, ila ndiva hupatanisha watu wa kijiji kimoja wanaofahamiana. Mkulima wa Mamba na yule wa Ndungu hawachoti kwenye zamu moja.

Anayetaka ufuko atashuka Kalemawe. Ni bwawa lililojengwa enzi za mkoloni, na tope la milimani limekuwa likilijaza mwaka hadi mwaka, lakini bado kuna mitumbwi, perege wa kukaanga, na ndege wa majini wasiotegemewa katika nchi kavu namna hiyo. Mbele yake ni nyika ya Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Faru weusi wanatunzwa huko. Tembo nao hawasomi mipaka, na wakulima wa tambarare wanalijua hilo kuliko watalii.

Njia nzuri ya kuyaona yote ni mzunguko: kutoka Same hadi Mwembe, kupanda Mbaga karibu na msitu wa Chome na kilele cha Shengena, chenye mita 2,460 hivi, kisha Myamba, kushuka Ndungu na kurudi Same kwa njia ya Maore na Kisiwani. Msituni yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Upare Kusini. Masika si wakati wa kujaribu barabara hiyo kwa gari dogo. Jumamosi Giti kunakuwa kimya, maduka mengi hufungwa, kwa hiyo anayetaka kununua tangawizi apange siku nyingine, anunue shambani, na apime kwa kilo.