Nyota wa chama na nyota wa watu

Katika Muungano wa Kisovieti, umaarufu ulimilikiwa na dola kama ulivyomilikiwa mgodi au kiwanda. Magazeti, redio, sinema na kampuni pekee ya santuri, Melodiya, vyote vilikuwa chini ya serikali, na serikali ilikuwa chini ya Chama cha Kikomunisti. Nyota hakuuzwa kwa matangazo ya biashara. Aliteuliwa, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wengine namna ya kuishi.

Aleksei Stakhanov aliteuliwa hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, katika mgodi wa Tsentralnaya-Irmino huko Donbas, alichimba tani 102 za makaa ya mawe kwa zamu moja, wakati kiwango kilikuwa tani 7. Kwa kawaida mchimbaji alikata makaa, kisha akaiacha mashine yake asimike nguzo za mbao za kuzuia dari lisiporomoke. Usiku ule wenzake wawili walisimika nguzo, yeye akakata tu. Mpango wote uliandaliwa na katibu wa chama wa mgodi huo. Magazetini, hata hivyo, lilitangazwa jina moja, na kabla mwaka haujaisha picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time la Marekani.

Wafanyakazi waliovuka viwango wakaanza kuitwa kwa jina lake, wakapewa mishahara minono na nyumba bora. Lakini mwaka 1936 viwango vilipandishwa kwa wote, na wengi waliokuwa wakipata riziki kwa kiwango cha zamani wakawachukia mashujaa hao. Chuki hiyo ilikuwa na haki yake, kwa sababu sifa ya mmoja ililipwa kwa jasho la wengi. Mwaka huohuo kilianzishwa cheo cha Msanii wa Umma wa Muungano wa Kisovieti, na heshima ya waigizaji na waimbaji nayo ikawekwa kwenye ngazi rasmi.

Kwa mwanaanga Yuri Gagarin, uteuzi wa dola na mapenzi ya watu vilikutana. Tarehe 12 Aprili 1961 aliizunguka dunia katika safari ya dakika 108, na furaha iliyojaza mitaa ya Moscow haikuhitaji kuamrishwa na mtu. Alikuwa mtoto wa seremala, mwenye tabasamu lililopendeza kila alikopelekwa. Lakini Sergei Korolev, aliyeongoza ujenzi wa chombo kilichombeba, alifichwa kwa sababu za usalama. Wananchi walimsikia kwa cheo tu, Mbunifu Mkuu, na jina lake lilichapishwa alipofariki Januari 1966. Mkono uliomwinua mmoja ndio uliomfunika mwingine.

Ambacho mkono huo haukuweza kukizuia ni kanda. Kuanzia miaka ya 1960 vinasa sauti viliingia majumbani, na kwa njia hiyo Vladimir Vysotsky akawa sauti ya nchi nzima. Alikuwa mwigizaji wa jumba la maigizo la Taganka mjini Moscow, ambako alicheza nafasi ya Hamlet kuanzia mwaka 1971. Nyimbo zake za askari, wafungwa na wapanda milima, alizoziimba kwa gitaa na sauti ya kukwaruza, zilirekodiwa kwenye vyumba vya marafiki na kumbi ndogo, kisha zikanakiliwa kanda hadi kanda. Kila nakala ilififia kidogo, na bado watu waliitafuta. Hakupigwa marufuku moja kwa moja: alionekana kwenye filamu, na Melodiya ilimtolea santuri chache ndogo. Lakini mashairi yake mengi hayakuchapishwa, na hakupewa cheo chochote cha kisanii.

Alifariki tarehe 25 Julai 1980, akiwa na umri wa miaka 42, Moscow ikiwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki. Magazeti yalitoa taarifa fupi mno, na mlangoni mwa Taganka likabandikwa tangazo. Habari ilienea kwa simu na kwa midomo. Siku ya mazishi, tarehe 28, makumi ya maelfu ya watu walipanga foleni kumuaga, bila chama kuwaita. Tuzo ya Taifa alipewa mwaka 1987, miaka saba baada ya kuzikwa.