Idris Elba: Masee wa Kamina, Msingoje Kuitwa

Masee na madem wa Kamina, kaeni rada. Mtaa wenu ni wa reli: njia ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kalemie zote zinakutana hapo, na wengi wenu mmelelewa na doo ya SNCC, kampuni ya reli. Sasa chekini story ya huyu msee.

Idris Elba alizaliwa Hackney, London, 1972. Mathee wa Ghana, fathee wa Sierra Leone. Fathee alikuwanga na mboka Ford, kiwanda cha magari huko Dagenham, na boy pia akaingia hapo, shifti za usiku. Lakini roho yake ilikuwa kwa uigizaji. Akajitoa, akahepa New York, akasota vinoma: usiku anasimama mlangoni kama baunsa, ama anapiga muziki kama DJ. 2002 akapata series ya The Wire kama Stringer Bell, na hapo ndio akaomoka.

Halafu akakuja huku kwetu Afrika. Raoul Peck, dairekta wa Haiti aliyekulia Kinshasa na kutengeneza filamu ya Lumumba, alimpeleka Rwanda kushuti Sometimes in April, iliyotoka 2005. Idris ni Augustin, mwanajeshi wa Rwanda kwa ile mauaji ya 1994. Baadaye series ya Luther ikampea Golden Globe 2012, na 2013 akamcheza Mandela.

Mimi namheshimu zaidi kwa kitu alifanya hio 2013: alifungua kampuni yake, Green Door Pictures. Muigizaji hungoja simu. Prodyusa ndiye hupiga. Kwa Beasts of No Nation ya 2015, iliyoshutiwa Ghana, alikuwa kamanda wa watoto wanajeshi na pia prodyusa. 2018 akakalia kiti cha dairekta na Yardie, story ya Kingston na London. 2024 serikali ya Zanzibar ikatangaza imemtengea karibu hekta 80 za kujenga studio. Huyo ni msee amepanda ngazi yote: kuigiza, kuprodyusi, kuongoza, na sasa anataka wengine wapate pa kushutia.

Na kama London ni mbali, shukeni na reli yenu hadi Lubumbashi. Hapo ndio alizaliwa Baloji, rapa aliyegeuka dairekta. Filamu yake Augure, iliyoshutiwa Kongo, ilishinda tuzo huko Cannes 2023. Ametoka Katanga ileile yenye ilizaa Haut-Lomami, mkoa wenu.

Kwa hivyo toeni simu mfukoni. Anzeni na dakika tano: wasafiri wanaolala stesheni wakingoja treni, mathee anauza fufu sokoni, babu wa reli anaongea Kiluba chake. Mmoja ashike kamera, mwingine sauti, mwingine atafute doo ya usafiri na chakula, na majina yenu yote yaandikwe mwishoni. Story ya Kamina mkingoja mgeni aishuti, ataishuti vile anataka yeye.