Akiba ya Ushujaa

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1945 juu ya ushujaa, tabibu Mwingereza Charles Wilson, ambaye wakati huo alikwisha kuitwa Lord Moran na alikuwa mganga wa Winston Churchill, mna kisa kifupi ambacho tangu nikisome hakijanipa raha.

Akiwa daktari wa kikosi cha Royal Fusiliers huko Armentières, Ufaransa, mwaka 1914, aliitwa kumtazama sajini mmoja aliyeketi ameukodolea macho moto, ndevu hajanyoa, suruali hata kuifunga sawasawa hakuifunga, wala hakuna neno la maana lililomtoka alipoulizwa. Daktari asimwone na maradhi. Basi ikakubaliwa abaki apumzike hadi wenziwe watakaporudi kutoka mahandakini. Siku ya pili yake, wote walipokwisha kwenda mstari wa mbele, sajini alijipiga risasi ya kichwa. Moran akiri kwamba wakati ule hakulitia maanani. Aliliona tendo la upuuzi.

Je, ilikuwa barua ya nyumbani, au deni, au sahibu aliyezikwa juzi? Hakuna aliyejua, na huenda hakuna aliyeuliza.

Miaka ya mahandaki ndiyo iliyomfunza tabibu huyu. Ushujaa, asema, ni nguvu ya nia, nayo ni mfano wa akiba ya benki: kila siku ya vita huchota kidogo, na ikimalizika, mtu hana tena cha kutoa, hata awe hodari namna gani. Tena si mizinga pekee inayoichota, bali baridi, kukosa usingizi na ile kazi isiyobadilika. Aliwapanga askari mafungu manne: wasioona hofu, waionao wakaificha, waionao ikadhihirika, lakini kazi yao wakaifanya, na wale iliowashinda. Fungu la tatu ndilo linalonigusa, kwa kuwa askari wa namna hiyo, mikono ikimtetemeka, bado yuko zamuni, na adhaniwa mzima.

Jeshi la zama zile lilikuwa na hukumu nyingine: askari 306 wa Uingereza na himaya yake waliopigwa risasi kwa utoro, woga na makosa kama hayo hawakusamehewa hadi mwaka 2006.

Ombi langu kwa wakubwa wa majeshi yetu ni hili: askari anayeomba mapumziko, au kuonana na tabibu kwa ajili ya dhiki ya moyo, ombi lake lisiandikwe kuwa kosa katika faili lake, wala lisimzuilie cheo.