Kwa nini kalamu huwatii wengine kuliko ulimi

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anaingia katika chumba cha usaili, vyeti vyake vikiwa mkononi. Barua yake ya maombi ya kazi ndiyo iliyowavutia waajiri hadi wakamwita, kwani ilinyooka na kila hoja ilikaa mahali pake. Sasa yuko mbele ya watu watano walioketi nyuma ya meza ndefu. Anaulizwa swali jepesi, aeleze kwa nini anaitaka kazi ile, na maneno yanamkauka. Anatoa sentensi mbili zisizokamilika, anaomba radhi, kisha ananyamaza.

Jioni, akiwa amesimama ndani ya daladala, majibu yote yanamjia moja baada ya jingine, kana kwamba yalikuwa yakimsubiri atoke nje ya chumba kile.

Watu wa namna hii si wachache katika jamii. Huitwa wazito wa ulimi, wenye haya, wenye kiburi na, kwa kudhulumiwa zaidi, wajinga. Hata hivyo, wapewapo karatasi na muda kidogo, huandika mambo ambayo msemaji hodari wa barazani asingeweza kuyapanga. Je, tofauti hiyo hutokana na nini?

Kasi ya mazungumzo

Jibu la kwanza limo katika muda. Uchunguzi wa lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ikiwamo lugha moja ya Namibia, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa muda unaopita kati ya swali na jibu katika mazungumzo ya kawaida ni yapata moja ya tano ya sekunde kwa wastani. Kwa upande mwingine, wataalamu wa lugha wamepima na kuona kuwa kulitaja tu jina la kitu kilichochorwa kwenye picha humchukua mtu zaidi ya nusu ya sekunde.

Maana yake ni kwamba mzungumzaji hulazimika kuliandaa jibu lake wakati mwenzake bado anasema. Sikio linapokea, akili inatunga, na ulimi unajiweka tayari, yote kwa wakati mmoja.

Mtaalamu wa Uholanzi, Willem Levelt, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu namna binadamu anavyosema, alizieleza hatua za kazi hiyo. Kwanza mtu huchagua wazo, kisha hutafuta maneno na kuyapanga kwa kufuata sarufi, na mwishowe huyatamka. Katika kusema, hatua hizo hupita kwa kasi ya maneno mawili hadi matatu kila sekunde. Katika kuandika kwa mkono, mtu mzima huandika maneno machache tu katika muda ambao angetamka kumi, na hakuna anayemkodolea macho akisubiri.

Aidha, akili ya binadamu haiwezi kushika mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vipatavyo saba. Mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, alitoa hoja kuwa idadi hiyo iko karibu na vinne. Anayesema hubeba hoja zake zote kichwani, pamoja na sura za wasikilizaji na hofu ya kukosea. Anayeandika huitua nusu ya mzigo huo juu ya karatasi, akapumzika, kisha akarudi kuutazama.

Hofu na kigugumizi

Sababu ya pili ni hofu. Mtu anaposimama mbele ya wengine na kuhisi anapimwa, mwili wake huweza kuitikia kama unavyoitikia hatari: moyo hudunda, kinywa hukauka, na mawazo huanza kuzunguka juu ya hofu yenyewe badala ya jambo linalosemwa. Wahenga waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walijua kwamba neno lililotoka halirudi. Karatasi huruhusu kujikwaa bila shahidi, kwani sentensi mbaya hufutwa kabla haijamfikia mtu.

Wako pia wenye kigugumizi, ambao hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Hali hiyo inahusishwa na urithi na namna ubongo unavyoongoza matamshi. Si dalili ya upungufu wa akili. Mwenye kigugumizi hulijua barabara neno analotaka kulisema, ila hukwama katika kulitoa.

Tena lipo tatizo la lugha yenyewe. Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wengi hawaitumii nyumbani. Mwanafunzi anaweza kukaa kimya darasani mwaka mzima akiogopa kuchekwa, ilhali daftari lake linaonyesha kuwa somo amelielewa. Mwalimu anayehesabu mikono inayonyooshwa tu hatamjua mwanafunzi huyo.

Kalamu katika historia

Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani, ndiye aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru wa nchi hiyo mwaka 1776. Hata hivyo, katika mabaraza alikuwa mtu wa kunyamaza, na alipoapishwa mwaka 1801 sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wengi waliohudhuria hawakuisikia hotuba yake. Mwaka huohuo aliacha utaratibu wa rais kwenda kulihutubia Bunge ana kwa ana kila mwaka, akapeleka ujumbe wake kwa maandishi. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1913, Woodrow Wilson alipokwenda kuhutubia mwenyewe.

Mwandishi wa Ufaransa, Denis Diderot, aliwahi kusimulia jinsi hoja ya mtu mmoja mezani ilivyomwacha bila la kusema, akili ikamrejea alipokwisha kushuka ngazi za nyumba ile. Tangu hapo Wafaransa huliita jibu linalochelewa akili ya ngazini. Kwetu pengine lingeitwa akili ya daladala.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo imeujua uwezo wa maandishi kwa muda mrefu. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alitunga mwaka 1858 utenzi wa kumuusia binti yake. Mwanzoni mwake anamwita binti huyo asogee pamoja na wino na karatasi. Mama na mwana walikuwa mahali pamoja, na maneno yangeweza kutoka kinywani na kuishia sikioni. Alitaka yaandikwe, na ndiyo maana yanasomwa mpaka leo.

Vivyo hivyo kwa kanga. Mwanamke ambaye adabu inamzuia kumjibu wifi au jirani kwa mdomo huvaa jibu lake likiwa limechapwa juu ya pindo, akapita zake. Anayehusika husoma, na hakuna aliyegombana.

Upungufu wa maandishi

Pamoja na hayo, kalamu haikosi kasoro. Katika maandishi ya Plato, Socrates anayalaumu maandishi kwa sababu ukiyauliza swali hayakujibu, bali hurudia yaleyale. Barua haina sauti wala uso. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa watu wanaotuma kejeli kwa barua pepe hudhani wataeleweka zaidi kuliko wanavyoeleweka kweli. Ujumbe wa simu uliokusudiwa kuwa utani umekwisha kuvunja urafiki mwingi.

Kadhalika, mtu akiifanya karatasi kuwa maficho, akakwepa kila mazungumzo magumu, woga wake huota mizizi. Kuomba msamaha au kutoa mkono wa pole kwa maandishi pekee huweza kuonekana kama kujitenga na mtu aliye mbele yako.

Nini kifanyike

Sheria imekwisha kutoa mfano mzuri. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na ushahidi huo huhesabiwa kuwa ni wa mdomo. Ikiwa mahakama, penye uhuru na mali za watu, inakubali kwamba kweli inaweza kufika kwa njia ya kalamu, basi mwajiri naye anaweza kumpa msailiwa zoezi la kuandika pamoja na maswali ya ana kwa ana. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi dakika mbili za kuandika kabla hajaomba majibu.

Mgonjwa anayesahau maelezo yake mbele ya daktari na aende na orodha: maumivu yalianza lini, yako wapi, na ametumia dawa zipi. Wanandoa wanaoishia kupayukiana wanaweza kuandikiana kwanza, kisha wakaketi wazungumze juu ya kilichoandikwa.

Kuandika kuna nafasi hata pasipo msomaji. Katika jaribio la mwaka 1986, James Pennebaker na mwenzake waliwataka wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne. Walioandika kuhusu matukio yaliyowaumiza na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa faida hiyo kwa wastani ni ndogo na haimfikii kila mtu, lakini gharama yake ni kalamu na karatasi.

Na yule kijana wa usaili? Usiku uleule anaweza kuyaandika majibu yaliyomjia ndani ya daladala, akayasoma kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki, mara moja, mara mbili, hata ulimi ukayazoea. Akiitwa tena mahali pengine, hatakwenda kuyatafuta maneno, kwani atakuwa amekwisha kuyapata.