Ayoni Nyepesi Hutangulia

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore huko California, miale 192 ya leza ilipeleka megajuli 2.05 kwenye shabaha yenye deuteriamu na tritiamu, na kuungana kwa viini kukatoa megajuli 3.15. Hesabu nyingi za majaribio haya huuchukulia mchanganyiko huo kama kitu kimoja kinachosogea pamoja. Kurahisisha huko kuna mipaka. Ayoni ya tritiamu ni nzito takriban mara moja na nusu kuliko ya deuteriamu, na wimbi la mshtuko linalozushwa na leza linapopita ndani ya shabaha, ile nyepesi hutangulia, kama pumba zinavyoachana na mchele kwenye ungo. Katika leza ya OMEGA, Rochester, vidonge vya shabaha vyenye deuteriamu na heliamu-3 vilitoa mazao madogo kuliko hesabu zilivyotabiri. Kutengana kwa ayoni ni mojawapo ya sababu zinazoshukiwa.

Wapo watakaouliza: mchanganyiko huo ukibanwa sana, ayoni si hugongana mno hata zisipate nafasi ya kutengana? Ndivyo, na hoja hiyo ina uzito kwa tabaka zito la nje la mchanganyiko. Lakini joto likiongezeka mara 2, umbali ambao ayoni husafiri kabla ya kugongana huongezeka takriban mara 4. Mshtuko unapoingia katikati, gesi ya hapo ni moto mno na bado nyembamba; huko ndiko kutengana hutokea. Kufuatilia kila aina ya ayoni peke yake hula muda mwingi wa kompyuta, lakini ni gharama inayostahili kulipwa.